Neno la Kumusimamisha Bwana Kiroba

Kabuta, 8 Januari 2025

Yaya Orpha,

Jambo yaya, dada yangu mukubwa. Habari ya mwili, habari ya mugongo? Mihogo imeshika? Huku tuko wazima. Mvua haituachi, na Thelma analalamika jino, lakini muke wangu akilalamika ni alama kwamba ana nguvu.

Sikupigii simu kwa sababu simu ndiyo kamera ya filimu zetu. Nikiiacha wazi, mutu anapiga katikati ya kifo na kifo kinaharibika. Unakumbuka sehemu ya pili: marehemu alifungua macho aone nani anapiga. Kwa hiyo tuandikiane. Kalumba anapeleka chumvi kwenu kwa baisikeli kila wiki, atabeba.

Tumeanza Bwana Kiroba, sehemu ya tano. Serikali imefunga uvuvi mpaka mwezi wa tatu, wavuvi wote wamekaa bure, donc, basi, nina watu wengi wa kuua. Bwalya bado ndiye Bwana Kiroba, yule Mubemba murefu anayepasua samaki pwani. Anavaa kiroba cha chisense, wale dagaa wa ziwa letu, kichwani, tundu mbili za macho, basi. Harufu peke yake inatisha. Katika sehemu ya kwanza alizama ziwani. Ya pili mamba alimula. Ya tatu alizama tena, hatukuwa na wazo lingine. Ya nne tulimuchoma moto. Watu wa kibanda cha video cha Mpundu hawaulizi amerudi namna gani. Wanauliza lini.

Shida ni mupanga. Ule wa karatasi ulilegea na mvua, ukainama kama jani la ndizi, na watu walicheka. Bwana Kiroba akichekwa, serie imekufa. Sasa tunatumia mupanga wa kweli, wa Bwalya mwenyewe. Anaujua vizuri.

Jambo la mwisho. Cadette, mutoto wako, yuko kwangu tangu juzi. Alisema umemupa ruhusa. Nilimuangalia usoni nikaona hukumupa. Usikasirike, yaya. Atacheza binti wa mwisho, yule asiyekufa. Jumamosi tarehe 25 tunamufunga kwenye bwato, ule mutumbwi wa pwani. Niandikie neno moja tu la kukubali.

Mudogo wako,
Ruffin

*

Mantapala, 13 Januari 2025

Mudogo Ruffin,

Jambo. Mugongo uko vile vile. Mihogo imeshika, isipokuwa mistari miwili ya chini iliyokunywa maji. Mwambie Thelma jino la kulalamikia ni jino la kung'oa.

Nilifanya kazi ya redio kule Pweto miaka kumi na mine, na nakuuliza kama ningemuuliza mutu yeyote. Nani anafunga kamba, na nani anaifungua? Kati ya mutoto wangu na mupanga ni hatua ngapi? Bwalya anaona nini ndani ya kiroba, na anasikia nini? Anasimama kwa neno gani? Usinijibu "usiogope". Hilo si jibu.

Nimeona sehemu zote nne. Mutu anayesema "narudi sasa hivi" anakufa. Anayeenda kuoga peke yake anakufa. Watu wanakimbia kwa nguvu zao zote, Bwana Kiroba anatembea kama anaenda misa, na anawafikia. Nilicheka kama wengine. Lakini Cadette hakucheka. Baada ya sehemu ya nne alilala na taa siku nane. Sasa ameenda mwenyewe kufungwa kwenye bwato, na mimi sijui kwa nini.

Sisemi ndiyo. Ana miaka kumi na tisa, nikisema hapana atabaki tu. Nasubiri majibu.

Yaya wako,
Orpha

*

Kabuta, 18 Januari 2025

Yaya,

Jambo, na pole kwa mihogo. Jino limetoka. Thelma analalamika tundu.

Nakujibu kama uko redioni. Kamba nafunga mimi, nafungua mimi, mukono mumoja tu wa kushoto. Hatua ni mbili. Ndani ya kiroba Bwalya anaona mbele, pembeni haoni, na anasikia kama mutu aliyefunikwa blanketi, kwa hiyo napaza sauti. Neno ni lile la filimu zote: "Kata!" Kamera inakata, kila mutu anasimama.

Na kwa neno hilo usiwe na wasiwasi hata kidogo. Kiswahili cha Bwalya ni cha pwani, amekijifunza kwa wanunuzi wetu Wakongomani: lete, ngapi, ongeza, kata. Kati ya maneno yote, "kata" ndilo analolijua kuliko yote.

Tena ana moyo wa kazi. Katika sehemu zote nne, nikisema "Kata!", anaongeza pigo moja juu. Nalitoa baadaye kwenye simu.

Cadette ni muzuri mbele ya kamera. Haogopi kitu. Jana alimuomba Bwalya avae kiroba asimame mbele yake, akamuangalia muda murefu, halafu akasema, "Vua sasa, tata, unanuka." Watu wote walianguka kwa kicheko.

Thelma ndiye asiyetaka kile kiroba ndani ya nyumba. Kila usiku anakigeuza uso ukutani. Asubuhi kinaangalia mulango. Namwambia ni upepo.

Mudogo wako,
Ruffin

*

Mantapala, 22 Januari 2025

Ruffin,

Salamu zitakuja baadaye. Badilisha neno.

Soma barua yako mwenyewe. Kila siku ya kazi, Mukongomani anasimama mbele ya Bwalya na kusema "kata", na Bwalya anashusha mupanga. Lile pigo unalotoa kwenye simu si moyo wa kazi. Anakutii. Mara zote nne ulimwambia akate, akakata, na kilichokuwa mukononi ni karatasi.

Kuna jambo la pili, na unalijua. Mwaka wa 2017, upande wa Pweto, tukikimbia vita, wewe ndiye uliyesema "Kata!" Mwenye bwato alikata kamba, tukaondoka, na Ngoy mume wangu akabaki kwenye matete. Ulisema hukumuona. Kule Kenani, kambi ya wakimbizi, waliniuliza, na mimi nikasema vile vile: hakuonekana. Cadette alikuwa na miaka kumi na mumoja. Alikuwa ameshika mwisho wa ile kamba.

Usimusemee mutoto wangu neno hilo mbele ya mupanga. Tafuta lingine lolote. Kalumba ameahidi kutosimama popote njiani.

Orpha

*

Mantapala, 28 Januari 2025, asubuhi

Ruffin,

Kalumba amerudi na barua yangu mufukoni. Maji yamefunika daraja la miti. Alingojea siku tano ng'ambo hii, halafu akageuza. Kwa hiyo hukuisoma.

Simu yako nimepiga mara kumi na moja. Imezimwa.

Jana Jessy anayeuza sabuni alifika kutoka kwenu kwa njia ya juu. Anasema Jumamosi aliona musichana amebebwa kwenye baisikeli kwenda kliniki, blauzi nyekundu mpaka kiunoni. Pitchou, aliyekuja pamoja naye, alisema, "Mama, ni nyanya ya kopo na mawese, ni watu wa filimu." Jessy akamujibu, "Nyanya haidondoki njia nzima."

Nina mashahidi wawili na habari mbili. Redioni nisingesoma hata moja. Nimeuliza blauzi ilikuwa ya namna gani; hakuna anayekumbuka. Nimeuliza kama musichana alikuwa anasema. Jessy anasema alikuwa anasema neno moja tu, lakini hakulisikia.

Sijui namutumia nani barua hii. Naiandika kwa sababu mikono inataka kazi. Kesho alfajiri naenda kwa miguu kwa njia ya juu. Pitchou anarudi kwenu leo, nampa hii pamoja na ile.

Orpha

*

Kabuta, 28 Januari 2025, jioni

Yaya Orpha,

Cadette yuko hai. Nimeanza na hilo. Ana nyuzi tisa kwenye mukono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Vidole vyote vinatembea. Daktari amemurudisha nyumbani. Yuko hapa, amelala.

Nimesoma barua zako mbili kwa pamoja, Pitchou amesimama mbele yangu. Anarudi na hii usiku huu huu. Nakueleza kama ilivyokuwa.

Ilikuwa saa tisa muchana, jua kidogo baada ya mvua. Cadette kwenye bwato, Bwalya hatua mbili, mupanga juu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga, na niliiacha idumu. Halafu nikasema "Kata!" Akashusha. Nikapaza sauti, "Kata! Kata!" Kadiri nilivyosema, ndivyo alivyokata. Yaya, nilikuwa na neno hilo moja tu. Halikuja lingine.

Lakini Cadette hakungoja kuona mupanga unaenda wapi. Niliposema mara ya kwanza alijitupa majini, kamba bado mukononi. Pigo la kwanza liliingia ukingo wa bwato. La pili lilimupata mukono. La tatu lilikata kamba, na bwato likaanza kwenda. Alitokeza kichwa akapiga kelele: "Baba! Baba bado!" Bwalya anajua neno baba. Alitupa mupanga, akavua kiroba, akaingia majini na nguo zake zote. Ndiye aliyemutoa. Ndiye aliyemubeba kwenye baisikeli. Tangu siku ile anakaa nje ya mulango wetu, hali chakula, na kila anayepita anamwambia kwa Kiswahili chake: "Alisema kata. Mimi nakata."

Mimi nilikuwa bado nimeshika simu. Picha iko, yote. Tangu Jumamosi nimeizima, niliogopa sauti yako. Mpundu ameisikia, anaitaka.

Sasa lile lingine. Siku ile ya Pweto nilimuona Ngoy. Alikuwa kwenye matete, maji kifuani, umbali wa nyumba tatu. Alikuwa ameinua mukono. Watu wa mipanga walikuwa nyuma yake. Nilimuona, nikasema kata.

Mudogo wako, ukikubali bado,
Ruffin

*

Kabuta, 9 Februari 2025

Mudogo Ruffin,

Jambo. Nakuandikia kutoka chumba cha pili cha nyumba yako, kwa sababu kuna mambo ambayo wewe na mimi tunayaweza kwa karatasi tu. Mugongo unauma kwa sababu ya njia ile ndefu. Nyuzi za Cadette zimetolewa asubuhi. Bwalya amekula, nimekaa naye mpaka akamaliza ugali.

Sikia. Watu kumi na saba walikuwa katika lile bwato. Nilikuwa nimekaa upande wa matete. Mimi pia nilimuona Ngoy. Nilikuwa na kinywa, na sikusema ngoja. Uliposema hukumuona, nililichukua neno lako kwa mikono miwili. Kazi yangu ilikuwa kusema kilichoonekana, na Kenani niliandikisha uongo.

Nimemwambia Cadette jana. Akasema alijua. Alikuwa anaangalia upande ule ule. Nikamuuliza kwa nini alikuja kufungwa kwenye bwato. Akasema: "Katika filimu za mujomba, aliyebaki ziwani anarudi."

Ile picha, uifute mbele yangu. Sehemu ya tano iishie hapo; Mpundu ataona nyingine. Mupanga urudi wa karatasi, uuvalishe plastiki kwa ajili ya mvua, na wakicheka, wacheke.

Cadette atacheza sehemu ya sita; nimekataa mara mbili, na ananishinda. Neno la kusimama amelichagua mwenyewe. Ni "Ngoy". Tumemufundisha Bwalya muchana wote. Tulijaribu pale pwani: Cadette alilipaza, Bwalya akasimama mukono juu, wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakasimama, na wote wakageuka kuangalia matete.

Anaomba jambo moja. Ukishalisema, usizime kamera mara moja. Ngojea kidogo.

Yaya wako,
Orpha