Kesho Tunakuhamisha, Yakobo

Oli, Arua
Jumapili mchana, 1976

Ndugu yangu Yakobo,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, nilikushusha kaburini kwa mikono yangu, kwa hiyo nianze na yangu. Mimi ni mzima. Mgongo unauma vilevile, shemeji yako Zainabu anakusalimu, na ninakukumbuka kiasi ambacho ungekuwa hai ungenicheka. Karatasi hii nimeomba kwa binti yako Debora. Muhula wa shule anakaa kwetu hapa Oli, maana kutoka machimboni mpaka shuleni Mvara ni mbali kwa msichana anayetembea peke yake. Jumapili Zainabu ndiye anayemwamsha aende kanisani. Majirani wamezoea kumwona anatoka nyumbani kwa Ramadhani na Biblia kwapani, na wale ambao hawakuzoea wamechoka kuuliza.

Ninaandika kwa sababu kesho tunakuhamisha. Nimeona ni adabu uambiwe mapema, tena na mimi mwenyewe. Ni habari ndefu kidogo, na mimi unanijua, siwezi kusema jambo bila kulizunguka kwanza.

Unakumbuka kazi yetu. Wengine machimboni walivunja mawe, sisi wawili tulilipwa kuangalia mlima usimwangukie mtu. Kabla ya mtu yeyote kuingia chini ya ukuta, tulipanda, tukagonga mwamba kwa mtaimbo, tukasikiliza. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nazungumza huku nagonga, ukanishika mkono. "Ramazani, jiwe iko nasema. Wewe nyamaza kwanza." Jiwe zima lililia, jiwe lililoachana na mlima lilitoa sauti ya mtungi wenye ufa. Na ulileta sheria ambayo hakuna bwana aliyeiandika: mmoja wetu akikataa, tumekataa wote wawili. Hakuna kubishana wala kushawishiana. Mara ngapi ulikataa mahali nilipoona pazuri kabisa, nikanuna mchana mzima, nawe ukaniletea muhogo wa kuchoma kama vile hakuna kitu.

Wanaopenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta ulikuwa unawacheka. Ulisema ufa wa machimbo hauzibwi, ukiuziba umeuficha. Sisi tulipaka juu yake udongo kidogo wa mfinyanzi, mwembamba, tukauacha ukauke. Kesho yake ukiukuta umekatika, mlima umetembea, na filimbi inapigwa. Na zaidi ya ufa wenyewe ulichukia mashimo kule juu kwenye ukingo. Shimo hukusanya maji, maji huingia nyuma ya ukuta na kuusukuma. Wanawake waliotaka kupanda mihogo kule uliwafukuza. Ulisema anayetaka kulima juu ya vichwa vya wenzake arudi akalime Kongo. Wakacheka, kwa sababu wewe mwenyewe mama yako alivuka nawe mgongoni kutoka Kongo.

Halafu ukafa. Nakasirika hata kuliandika. Ulikuwa unakohoa kidogo, ukasema ni vumbi, ikaja homa, na wiki haikuisha. Mtu aliyesikia jiwe likilegea ndani ya mlima hakusikia kifua chake mwenyewe.

Ndugu zako wa Koboko walitaka ulale karibu na mama yako. Lakini kilikuwa kiangazi, joto halingojei, na mji mzima ulikuwa hauna petroli. Hata gari la machimbo lilikuwa limesimama. Wapasua mawe wakasema basi alale kwetu, pale juu ya ukingo alipokuwa anapenda kukaa kula. Mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia. Tena nilifurahi, Yakobo, katikati ya msiba nilifurahi, kwa sababu nilijua nitakuona kila asubuhi.

Kaburi lilichimbwa na watu wanaojua kuchimba. Kuta zilinyooka vizuri, ungesifu. Tukakufukia kwa udongo uliolegea, tukapanga mawe juu kama desturi ya kwenu. Watu wote wa machimbo walikuwepo, watu ambao wangemkimbiza hata panya akitoboa ukingo ule. Na sote, pamoja na mimi niliyelipwa kuangalia, tulichimba shimo la urefu wa mtu juu ya ukuta, tukalia, wenzako wa kanisa wakaimba, tukashuka kula. Hakuna aliyeliona shimo, tulikuwa tunakuona wewe.

Tangu siku ile nilipanda peke yangu. Nagonga, nasikiliza, kisha napita kwako kukwambia leo pako sawa, au leo upande wa kushoto hapana. Watu walisema Ramadhani bado anafuata sheria ya wawili. Hata mimi niliamini hivyo. Ukinyamaza, nilichukulia kwamba umekubali.

Mvua zikaja, na mwaka huu zimekuja kwa hasira. Udongo wako ukabonyea. Tukaongeza mwingine, tukasema ndivyo makaburi yalivyo, na kweli ndivyo yalivyo. Baadaye nikaona ufa. Unaanzia miguuni pako na kwenda sambamba na ukingo, mwembamba, mtu mwingine angesema ni njia ya mchwa. Nikapaka udongo wangu. Kesho yake ulikuwa mzima, nikashukuru Mungu. Kesho kutwa yake nikaukuta umekatika.

Nilipiga filimbi mpaka mate yakakauka. Chini ya ukuta ule ule alikuwa amekaa mkeo na wenzake na nyundo zao, kila mmoja na rundo lake la kokoto. Walitoka wote, wengine wakinitukana kwa kuwakatizia kazi. Walipokwisha kutoka nilikaa kando yako nikacheka peke yangu, na kicheko kikageuka kilio. Ungekuwepo tungemtafuta yule mjinga aliyechimba shimo juu ya ukingo, tumfukuze kazi siku hiyo hiyo. Na mjinga ni sisi sote, na aliye ndani ya shimo ni wewe.

Meneja, huyu aliyewekwa baada ya Wahindi kuondoka, alitaka tuchimbe haraka tutoe mawe kabla hapajaanguka. Barabara ya Koboko inayangoja, alisema, na wakubwa hawapendi kungoja. Unajua siku hizi si vizuri kumwambia mkubwa hapana. Nikamwomba apande nami aone kwa macho. Aliposimama pale na kuangalia chini, alirudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa. Hakusema nina haki, ila amefunga upande ule, na ametoa lori pamoja na petroli. Chifu wa gombolola, mkubwa wa serikali wa eneo letu, ametoa ruhusa. Nilimuuliza pia shehe wetu, kwa sababu kwetu kumtoa maiti alipolala si jambo la mchezo. Akaniambia uhai wa wanaofanya kazi chini ya ukuta una haki kubwa zaidi, nenda.

Kazi ngumu ilikuwa mkeo. Nilimkuta anapepeta mtama, nikaanza kuzunguka kama kawaida yangu, akanikatiza. "Sema tu, shemeji." Nikasema. Akaacha ungo. "Mutu amekufa, na bado munamupatia transfa?" Alinigeuzia mgongo, na kwa siku kadhaa tukipishana njiani alikuwa akiangalia upande mwingine. Sikumlaumu. Nami nilikuwa nampitia pembeni, maana moyoni nilikuwa upande wake. Nilikuwa natafuta njia ya kukuacha pale. Nilifikiria mtaro wa kupeleka maji kwingine. Nilifikiria kujenga ukuta wa mawe chini. Kila njia niliyofikiria ilikuwa inafika kwa wale wanawake walioketi na nyundo.

Siku moja asubuhi nikamkuta amenitangulia juu, amepiga magoti karibu na miguu yako. Alikuwa ameingiza mkono ndani ya ufa, na ufa ulikuwa umepanuka, mkono ulizama mpaka kwenye kiwiko. Aliutoa umelowa. Akauangalia, kisha akaangalia mawe ya kaburi. "Yakobo iko nalala ndani ya maji," alisema. Akajifuta kwa kanga yake taratibu, kidole kwa kidole. "Peleka yeye kwa mama yake."

Kwa hiyo ni yeye aliyekata shauri, si mimi. Nimeona ulijue hilo.

Tangu siku ile tunapanda wawili kwenda upande mwingine tunakofanyia kazi sasa. Mimi nagonga, yeye anasikiliza, halafu tunabadilishana. Wanaume walinung'unika kidogo, kisha wakazoea kama majirani zangu. Ana masikio makali kuliko yako, unisamehe. Juzi alikataa mahali ambapo mimi nimeshapakubali, na hatukuingia. Hapakuanguka, na pengine hapataanguka kamwe. Nilinuna mpaka mchana, nikashangaa kujikuta nimefurahi. Kaburi lako halikuwahi kunikatalia, Yakobo. Nilikuwa nimekosa mtu wa kunikatalia.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Sukari tunaisikia tu kwa watu wanaotoka ng'ambo ya mpaka, na wakiileta wanaiuza kama dawa. Chai tunakunywa na chumvi. Sabuni ndiyo usiulize. Baruti haipatikani, tunachoma mwamba kwa kuni na kuumwagia maji mpaka upasuke, kama ulivyotufundisha, na macho yetu yote ni mekundu. Debora amekuwa mrefu kumpita mama yake. Anaimba kwaya, na nashukuru hakurithi sauti yako.

Mfungo uliopita ndio ulionishinda. Unajua ulivyokuwa ukifanya mwezi mzima wa Ramadhani. Ulikuja na viazi vyako mchana, ukakaa pale pale kando yangu, ukanipa mgongo. Nilikwambia mara nyingi ule tu, mimi sijali. "Mimi nageuka tu," ulisema, "ndiyo Mungu yako asikasirikie mimi." Nikawa naangalia mgongo wako ukitafuna. Mwaka huu nilikaa pale saa ya chakula, hakuna aliyenipa mgongo, na njaa ikaniuma ambayo miaka yote hainiumi. Nilitamani kuuona mgongo ule kuliko maji.

Sasa nisikilize vizuri. Ukishatoka, tutauangusha ukingo wote. Tutaanza juu na kushuka taratibu kwa mitaimbo, tutoe kila kilicholegea, mpaka ukuta ukae ngazi kwa ngazi kama ulivyotaka siku zote ukanyimwa watu wa kuufanya. Hakuna njia nyingine, ungeniambia hivyo hivyo. Lakini maana yake ni kwamba mahali pale hapatakuwepo. Sisemi patabadilika, hapatakuwepo kabisa. Tulipokuwa tunakaa patakuwa hewa tupu, na mtu akisimama chini akinyoosha kidole aseme Ramadhani na Yakobo walikuwa wanakula pale, atakuwa anaonyesha mbingu. Nimewaza hilo wiki nzima na sijalizoea.

Ndugu zako wamekuchimbia upande wa mama yako, udongo mwekundu, mkavu, nyuma ya nyumba. Nilikwenda kuuona mwenyewe na nikaukagua, wakaniangalia kama mwendawazimu. Hapana mteremko karibu. Maji yanakwenda barabarani. Pazuri, utakaa.

Nitakuja kukuona. Siahidi kila mwezi, maana Koboko si jirani na sitaki kuanza kukudanganya uzeeni. Lakini nitakuja, na nikija nitakupa habari za ukuta mpaka uchoke. Na nakuahidi hili mbele ya Mungu wako na wangu, kwamba hakuna mtu atakayeingia chini ya mwamba kwa sababu mimi peke yangu nimesema ndiyo. Mkeo nitamtunza kama alivyokubali kutunzwa, yaani kidogo, maana unamjua. Debora atamaliza shule.

Kuna kitu sikukwambia siku ile ya mazishi kwa sababu watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa nasimamia kamba. Sikukuaga. Nilijiambia kuna haja gani ya kuagana na mtu nitakayemwona kesho asubuhi. Kesho asubuhi hiyo imefika mwisho wake. Kwaheri, ndugu yangu. Ulinifundisha kunyamaza, na tazama barua ilivyo ndefu.

Basi lala leo. Alfajiri ukisikia majembe juu yako usishtuke. Ni sisi. Nimewaambia wachimbe taratibu, na wakikaribia wote watatoka, nitashuka mimi.

Wako,
Ramadhani