Faili la Kwanza

Garissa, Jumatano, Novemba 1998

Hatimaye imekubali. Wiki mbili nimehangaika kuifanya kompyuta ya ofisi iwe seva, ili wenzetu wa Nairobi wapige simu na kuacha mafaili humo moja kwa moja, tusingoje tena disketi zinazoletwa na basi. Leo saa nane mchana modemu ililia, laini ikashika, na faili la kwanza likaingia taratibu. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti.

Lilikuwa orodha ya jamaa waliopotezana na wakimbizi wetu. Eddo Sahra, ninayemwita hivyo kwa heshima, yaani shangazi kwa Kisomali, alikuwa kwenye benchi pale mlangoni. Huja kila wiki kutoka kambini Dadaab kuniuliza habari za mwanawe Yusuf, aliyepotea walipokuwa wakikimbia Kismayu.

"Imekuja, mwanangu?"

"Imekuja, eddo."

Nikalitafuta jina. Lilikuwepo, na la baba yake, na la babu yake, yote sawasawa. Mbele yake waliandika: amefariki.

Alikuwa ananitazama usoni, si kwenye kompyuta. Nikasema, "Laini imekatika katikati, eddo. Jina lake bado halijafika. Rudi wiki ijayo."

"Basi Mungu akupe nguvu," akasema. Akaniombea dua ndefu kwa kazi yangu, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Sijawahi kumdanganya mtu mzima namna ile. Na yeye akashukuru...

Kesho nitapanda gari la Dadaab nikamwambie mwenyewe. Nisipoenda kesho, najijua, sitaenda tena.