Koo la Mama na Chai ya Moto

Jumapili

Hatimaye Mama amenielewa! Miaka yote hii nafundisha biolojia hapa Kimulot, na mwanafunzi mgumu kuliko wote ni huyu anayekunywa chai ikichemka, eti chai iliyopoa ni ya kufukuza wageni.

Leo niliacha maneno ya kitabu. "Mama, ukichuna majani, mchai hutoa machipukizi mapya. Koo likiungua, nalo hutoa seli mpya. Kila seli hunakili maagizo yake, yaani DNA, kabla ya kugawanyika. Ukiliunguza kila siku, kazi ya kunakili haiishi, na makosa huingia. Mengi husahihishwa. Yanayobaki yakirundikana, seli moja inaweza kusahau kuacha kugawanyika. Hiyo ndiyo kansa."

Mama alikitazama kikombe chake. Baba alikufa kwa kansa ya koo. Kama ni chai, sijui. Hatukumtaja.

"Kwa hivyo nimekuwa nikichuna koo langu kila asubuhi?"

Akafunika kikombe chake kwa kisahani, akangoja. Nilifurahi sana, nikajimiminia changu, nikapiga funda.

"Mwalimu," akasema, "chako bado kinatoa moshi."