Masharubu Yangu na Sumaku ya Mama Mkuu

Kaka, usicheke. Nimesema usicheke!

Unakumbuka ule unga wangu wa maabara? Zile chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi, kila moja imevikwa koti la kaboni? Leo mvuke wa chuma na kaboni umetua vizuri na kuwa unga ndani ya bomba la tanuri. Unga mweusi tii, laini kama masizi. Na Mama Mkuu wa maabara alishaniambia: nikikosa unga leo, tanuri atapewa yule mpinzani wangu mwenye tai.

Sasa mimi na mdomo wangu! Nikauinamia unga kwenye kisahani, nikaughania ubeti mzima wa kuusifu, kwa sauti ya kifuani. Kufika mstari wa mwisho, kisahani cheupe!

Mama Mkuu akaingia na sumaku mkononi. "Unga uko wapi?"

Nikajikaza. "Haukutoka, Mama."

Akanisogelea. Kaka, masharubu yangu yakainuka. YAKAINUKA! Yakaielekea sumaku kama yameitwa kwa jina.

"Haukutoka, eti? Simama hapo. Usipumue. Na usighani."

Akaifunga sumaku kwa mfuko wa nailoni, akanichana nayo masharubu taratibu, yule mwenye tai naye kaitwa, ameshika kisahani huku machozi ya kicheko yanamtiririka.

Unga umetosha kupimwa! Na unavutwa na sumaku vizuri ajabu.

Tanuri limebaki langu. Sharti ni moja tu: kesho nije nimenyoa.

Masharubu yale yale aliyoyasifu dada yako, kaka. Mwambie nimesafiri.