Vigingi vya Jumapili

Strathord, Jumatano, 3 Mei 1978

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia kidogo na jirani yetu Senga anakuletea supu kama alivyoniahidi. Mimi mzima, ila upepo wa huku umenichubua midomo hadi nakunywa chai kwa upande mmoja.

Leo nimemaliza kiwanja cha pili cha gofu kati ya vitano nilivyopanga kuvicheza. Mpira nimeupoteza mara nne, na mara moja nimeuokota mgongoni mwa kondoo. Hapa wanamtaja Wallace Imrie kana kwamba aliondoka jana, wakati mchora viwanja huyo amekufa tangu Babu Dougal ana meno yote. Mtunza nyasi wao kanieleza alivyofanya kazi. Hakuchora karatasini hata siku moja! Alizunguka na mzigo wa vigingi, kwa kila shimo akapigilia kimoja pa kuanzia na kimoja pa kumalizia, akala chakula cha mchana, akapanda treni akaenda zake.

Viwanja vyake haviruhusiwi kujengwa, ila sasa kamati ya wilaya inataka maandishi. Tarehe 25 wanakaa hapo kwetu Port Skellan, na bila maandishi kwamba ni Imrie aliyepanga mashimo yetu tisa, mwenye ardhi anapewa ruhusa ya kujaza mabanda ya watalii hadi ufukweni. Nyasi ulizozikata miaka arobaini na moja, Baba! Na likizo niliyopewa kazini hospitalini ni wiki mbili tu.

Babu ndiye aliyekuwa mtunza nyasi wa kwanza. Kweli hakukuambia chochote? Niandikie Kilmorran, ndiko nitakakomalizia.

Binti yako,
Effie


Port Skellan, 6 Mei 1978

Mwanangu Effie,

Marahaba. Goti ni lile lile, na supu ya Senga ni maji ya moto yaliyoonyeshwa karoti kwa mbali. Usimwambie, maana ndiye pekee anayepika.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Baba yangu alikuwa na maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa matusi kwa fuko waliomchimbia nyasi. Hakuna la Imrie. Kitabu cha klabu umekiona kwa macho yako, ukurasa wa Juni 1909 umechanwa. Kila kijiji chenye bendera moja na kondoo wanne kinadai Imrie alipita. Basi na sisi tudai, tuchekwe?

Cheza gofu, mama, upumzike. Umeshatimiza miaka arobaini na tisa bado unakimbizana na marehemu. Kiwanja kikienda kimekwenda. Mimi nimeshachoka na nyasi.

Huko Kilmorran, shimo la sita, usijitie ujuzi. Lenga mnara wa kanisa na uamini.

Baba yako


Kilmorran, Ijumaa, 12 Mei 1978

Baba,

Shikamoo, na goti pole. Eti umechoka na nyasi? Wewe? Wewe uliyetoka kwenye harusi yangu kabla keki haijakatwa, ukaenda kutazama umande? Mdanganye mwingine.

Shimo la sita nimelipiga jana. Unasimama, mbele ni kilima, kijiti cha bendera hukioni, unalenga mnara na kupiga tu. Nilipopanda juu nikaukuta mpira umekaa karibu na shimo, nikapiga kelele peke yangu. Halafu nikatazama vizuri nilikotoka. Baba, lile ni shimo letu la nne! Kilima kile kile, mnara ule ule, hata kidimbwi kipo kushoto. Mtu aliyelipanga hili ndiye aliyelipanga la kwetu, nikatwe kichwa nikikosea.

Ngoja, sijamaliza. Bibi mwenye nyumba nilikofikia, Bi Jessamine Tulloch, mama yake ndiye aliyempangisha Imrie chumba. Amenionyesha barua ya Imrie kwa mama huyo, ya tarehe 8 Juni 1909. Anaomba radhi kwa kuchelewa: treni ya Jumamosi ilimwacha Port Skellan, akakwama hadi Jumatatu. Halafu anaandika hivi: "Ya Jumapili ile msiniulize, maana nikisema ataumia mtu mwema."

Kamati haitatosheka na hiyo. Inasema alikuwepo, haisemi alifanya nini. Lakini mtu mwema ni nani, Baba? Nini kilitokea Jumapili ile?

Nijibu upesi. Jumatatu narudi kazini.

Effie wako


Glasgow, 20 Mei 1978

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi afya. Senga ameniambia kwa simu kwamba unakula, unalala na unanuna.

Siku nane bila hata mstari mmoja. Barua ya Bi Tulloch nimewatumia kamati, na karani wao amenijibu kwa upole kwamba ni kumbukumbu nzuri ya safari ya treni. Alhamisi nina zamu wodini, siwezi kuja. Kwa hiyo watakaa, watapiga kura, na kiwanja kitakwenda.

Umenifundisha kushika fimbo ya gofu kabla sijajua kushika kijiko. Jambo unalijua, nakuona kabisa unalijua, na unaninyima. Inaniuma, Baba. Nimesema.

Effie


Port Skellan, Ijumaa, 26 Mei 1978

Effie, mwanangu,

Marahaba mara mia. Kaa chini kwanza. Kama umesimama na sindano mkononi, mchome mgonjwa kwanza halafu ukae.

Mwaka ule nilikuwa na miaka mitano. Unaijua Jumapili ya hapa ilivyokuwa: viazi vilimenywa Jumamosi, bembea za watoto zilifungwa mnyororo, aliyepiga mluzi aliitwa mlevi. Imrie kaachwa na treni, na ibada ilipokwisha akamwambia baba yangu watembee kidogo, kwani kutembea si dhambi. Wakatembea. Imrie akanyoosha kidole hapa, akanyoosha pale. Na baba yangu, Mungu amrehemu, mkono ukamwasha. Akaenda bandani akachukua vigingi na nyundo.

Kijiji kizima kiliisikia nyundo ile ng'ambo ya ghuba.

Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele ya kanisa akasomewa kosa lake. Nilikuwa mapajani mwa mama. Nilimwona baba yangu akiitazama mikono yake kama vile si yake. Mwaka mzima alikatazwa meza ya Bwana. Klabu wakauchana ukurasa wao kwa aibu, na mwenyewe hakulitaja jina la Imrie tena hadi anakufa. Akaniomba jambo moja tu, kwamba lililoandikwa kanisani libaki kanisani. Nami ni mzee wa kanisa mwaka wa thelathini huu, sanduku la vitabu vya kanisa liko chini ya kitanda changu. Umenielewa sasa? Uliponiuliza, nilikuwa nimelalia jibu.

Siku nane nimelitazama lile sanduku. Juzi nikalifungua. Nilidhani nitakuta mistari miwili ya lawama. Effie, wazee wale walitaka dhambi iandikwe yote! Walikwenda na kamba Jumatatu, wakavihesabu vigingi kimoja kimoja. "Dougal Bain, siku ya Sabato, Juni 6, alipigilia vigingi kumi na vinane kwa amri ya Bwana Wallace Imrie, mchora viwanja." Kisha kila kigingi na mahali pake: cha kwanza hatua kumi kutoka kijito, cha pili chini ya mwamba mweupe, hadi cha kumi na nane. Wakatia sahihi watano.

Jana nikavaa suti ya kanisani nikaenda ukumbini. Wakili wa mwenye ardhi kaniona na kitabu, akauliza kama mzee amekuja kutuombea. Nikasema ndiyo, kaa utulie. Nikasoma. Kufikia kigingi cha tano watu walishajua kuwa ni mashimo yetu, wakaanza kuhesabu pamoja nami. Senga alikuwa anapayuka, "Hilo la tatu hilo! La tatu!" Nilipofika cha kumi na nane ukumbi ulisimama.

Wakili akaruka, "Hicho ni kitabu cha dhambi, si cha gofu!" Mwenyekiti, mama mmoja mkavu sana, akamtazama juu ya miwani: "Kina sahihi za mashahidi watano ambao walichukia walichokiona. Ushahidi safi kuliko huu sijapata kuuona." Mikono saba ikanyooka, mwanangu. Yote saba! Kiwanja ni chetu, mabanda wayapeleke kwingine. Nimelia mbele za watu, na sioni haya.

Mchungaji akataka kuifuta ile adhabu kitabuni. Nikamwambia thubutu, usiguse hata nukta, hiyo ndiyo ramani yetu.

Kisha klabu wakapiga kura yao: Jumapili ya kwanza ya Juni, baada ya ibada, lango lifunguliwe watu wacheze. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nasema hapana. Jana nimenyoosha mkono kabla ya wote, na mpira wa kwanza wamenipa mimi. Nisamehe kwa kukunyamazia. Njoo unibebee mfuko.

Baba yako


Glasgow, 29 Mei 1978

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimeisoma kwenye stoo ya mashuka nikalia hadi matroni akanifuata na glasi ya maji. Nikamsomea. Naye akalia, na gofu hajui inaliwa au inavaliwa.

Hakuna cha kukusamehe. Uliificha aibu ya baba yako miaka sitini na tisa, na ulipoitoa ukaitoa umesimama wima.

Zamu nimebadilishana. Nafika Jumamosi, viazi nitamenya mimi, na mfuko nitaubeba. Ila kuna sharti. Ile nyundo ya Babu bado inaning'inia bandani, nimeiona Krismasi. Itie mafuta. Nimemwomba seremala wa hospitali anichongee kigingi cha kumi na tisa chenye jina DOUGAL BAIN, na kabla hujapiga mpira wako nitakipigilia pale pa kuanzia, mchana kweupe, watu wakitoka kanisani. Nitagonga kwa nguvu zangu zote, Baba, isikike ng'ambo ya ghuba.

Binti yako, mjukuu wa Dougal,
Effie