Mluzi Ulioangusha Nusu ya Ng'ombe

KAMATI YA MCHEZO WA KRISMASI, SKELBY
Kikao cha Jumatatu, 29 Desemba 1986, saa 1 jioni, jikoni mwa ukumbi wa kanisa.

Waliohudhuria: Bw. Horace Lumb (Mwenyekiti), Bw. Wilfred Tapscott (kamba na mlango wa sakafu), Bw. Clive Ormerod (miguu ya nyuma ya ng'ombe, vazi la watu wawili; alisimama, hawezi kukaa), Bi. Enid Garside (Katibu, na moshi wa jukwaani).
Asiyekuwepo: Bi. Maureen Sugden (miguu ya mbele). Udhuru: hasemi na Bw. Ormerod.

KUMB. NA. 1/86: SALA
Katibu aliomba. Mwenyekiti alitaka iwe fupi. Ilikuwa fupi kiasi.

KUMB. NA. 2/86: AJALI YA JUMAMOSI
Mwenyekiti alieleza kwamba ng'ombe akiwa anacheza, mlango wa sakafu ulifunguka, nusu ya nyuma ikaanguka chini ya jukwaa. Nusu ya mbele ilicheza peke yake mpaka wimbo ukaisha. Watu walipiga makofi sana. Bw. Ormerod alisema yeye hakupiga.

Bw. Tapscott alieleza kwamba alisikia mluzi. Nyuma ya jukwaa hapapigwi mluzi, maana tangu enzi za mabaharia waliovuta kamba za majukwaani, mluzi ndio amri ya kuvuta. Alisikia amri, akavuta.

Bw. Ormerod alisema, "Mzee, hakuna aliyepiga mluzi. Masikio yamechoka, kubali tu."

Bw. Tapscott alijibu, "Yalikusikia ukimtukana Maureen, na ulikuwa ndani ya ng'ombe."

KUMB. NA. 3/86: KUMPUMZISHA BW. TAPSCOTT
Bw. Ormerod alipendekeza Bw. Tapscott aachishwe kamba baada ya miaka thelathini na mmoja, auze aiskrimu. Mwenyekiti aliunga mkono huku akitazama birika. Bw. Tapscott alivua glavu zake, akaziweka mezani. (Tangu mkewe afariki hana pengine pa kwenda jioni. Hilo halikusemwa kikaoni, ila Katibu analijua.)

Kabla ya kura Katibu alisimama. Alikiri kwamba mluzi aliupiga yeye. Alikuwa akitia barafu ya moshi kwenye ndoo ya maji moto, moshi ukatoka vizuri mno, akajikuta anapiga mluzi wa wimbo wa sifa. Amenyamaza siku mbili, na jana kanisani alishindwa kuimba.

Mwenyekiti aliuliza kama ni lazima iandikwe. Katibu alisema inaandikwa sasa hivi.

Iliamuliwa Bw. Tapscott abaki kwenye kamba. Alivaa glavu zake, akasema, "Bi. Enid, ule ulikuwa mluzi safi. Ningevuta tena."

Bw. Ormerod alitaka maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu. Yameingia.

Watu waliondoka saa 2:10 usiku, chai ikiwa haijanywewa.

H. Lumb, Mwenyekiti ....................
E. Garside, Katibu ....................