Mibuni ya Mume Wangu

Matombo, Morogoro
12 Juni 1911

Mpendwa kaka Kasiani,

Shikamoo. Hujambo huko Dar es Salaam, na wifi Rosa hajambo? Sisi tu wazima, ila kifua changu kinanisumbua kwa baridi ya mwezi huu.

Ukungu bado unakaa mlimani hadi jua la utosini. Jana nilichoma magimbi, nikakukumbuka mno. Nilikumbuka tulivyoteleza mteremkoni juu ya maganda ya migomba, mama akaja na fimbo, nawe ukanisukuma mbele ili zinianzie mimi. Siku hizi natamani hata zile fimbo.

Sasa habari yenyewe. Unajua Andrea, mume wangu, alifika huku na mizigo ya msafara kutoka Unyamwezi. Kwa wazee wa ukoo wetu yeye bado ni mgeni. Anaruhusiwa kulima mahindi na maharage katika shamba la mama, lakini asipande mti, maana apandaye mti anadai ardhi. Tuliomba apokewe akae moja kwa moja, na mjomba Kibwana, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo, alikuwa karibu kukubali.

Basi bwana huyu akapewa miche ya mibuni misheni, akaipanda yote nyuma ya nyumba, kisha akaniita kwa furaha nikaitazame. Kwao kupanda mti ni kuwaheshimu wakwe. Nilikaa chini nikalia.

Mjomba alipoiona aligeuza njia hata maji hakunywa. Andrea ameing'oa yote kwa mikono yake na kuomba radhi, lakini mjomba hasemi nasi. Na akida wa serikali ya Wajerumani anahimiza: mgeni asiyepokewa na ukoo arudi akalipe kodi kwao. Ametupa muda hadi mtama uvunwe tu.

Kaka, wewe ndiwe mjomba wa mwanangu, na kwetu mjomba ndiye msemaji wa nyumba ya dada yake. Bila wewe wazee hawatakaa tena kutusikiliza. Usinitumie kitambaa wala sabuni, panda gari la moshi uje mwenyewe.

Msalimie wifi sana. Magdalena anakuamkia. Amechukua pua yako, maskini.

Nyumba ya mama ina binti mmoja tu, mimi. Hapa nimezaliwa, hapa nimemzika mama, na napapenda kupita ninavyoweza kuandika. Lakini Andrea akifukuzwa, nitamfunga Magdalena mgongoni nimfuate, na jiko la mama halitakuwa na wa kuliwasha.

Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Regina